Gari lipo, mafuta hakuna: shajara ya kufuatilia pesa za ambulensi mpakani mwa Nakuru na Kericho

Agosti 2024

Kikundi chetu ni cha watu wa kawaida: wahudumu wa afya ya jamii, mwalimu mstaafu ambaye ndiye mwenyekiti, vijana wa bodaboda, mama mwenye duka la dawa za mifugo, na mimi ninayeweka kumbukumbu. Wadi siitaji hapa, wala kaunti, kwa sababu tunaowalalamikia ndio haohao tunaotaka kuketi nao meza moja mwaka mzima. Inatosha kusema tuko kwenye miinuko iliyo juu ya barabara kuu inayotoka Mau Summit kwenda Kericho, mahali ambapo ukivuka mto umebadilisha gavana.

Kituo chetu cha afya kina ambulensi. Nalisema mapema kwa kuwa kila tukitaja shida ya ambulensi, mtu wa ofisini hujibu, "Lakini nyinyi mlipewa." Ni kweli tulipewa. Ni Land Cruiser nyeupe yenye king'ora na machela, na siku ya kukabidhiwa palikuwa na hema, ngoma na soda. Sasa imeegeshwa nyuma ya jiko la kituo. Nilipoichungulia juzi, mtungi wa oksijeni ulikuwa mtupu, mkanda mmoja wa machela ulikuwa umekatika na mahali pake pamefungwa kamba ya katani, na tairi moja la nyuma lilikuwa limekwisha hadi nyuzi zinaonekana. Dereva ni mmoja. Akilala, gari nalo limelala.

Daftari la safari ndilo linalosema zaidi. Sista msimamizi alituruhusu tulipekue pale ofisini kwake. Mafuta yakija, kurasa zinajaa: mama wa uchungu, mtoto mwenye degedege, kijana aliyekatwa na msumeno wa mbao. Halafu mistari inakoma. Kurasa hazikukatika na wagonjwa hawakukoma. Ni tangi lililokauka. Mafuta yakirudi, mwandiko uleule wa dereva unaendelea kana kwamba hakuna siku zilizopita katikati.

Kwa hiyo mradi wetu ni huu: huduma ya ambulensi ipate kifungu chake kwenye bajeti ya kaunti ya mwaka wa fedha 2025/26, kifungu cha mafuta, matengenezo na wahudumu, kisichochanganywa na magari mengine. HATUOMBI GARI LA PILI. Maneno hayo nimeyaandika kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza, maana najua tutashawishiwa tuyasahau.

Mwisho wa Agosti

Mwalimu ametupatia somo la sheria. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hilo wengi walilijua. Ambalo hawakulijua ni Jedwali la Nne, sehemu ya pili: kazi za kaunti zimeorodheshwa, na chini ya afya, baada tu ya hospitali na maduka ya dawa, zimetajwa huduma za ambulensi. Zimetajwa kwa jina. Hazikuachwa zikisiwe chini ya neno "afya". Tena Sheria ya Afya ya 2017 inasema matibabu ya dharura yanaanza kabla ya hospitali: kumhudumia mgonjwa alipo, kumtuliza, kumpangia rufaa. Kituo kinachomkataa mgonjwa wa dharura hali kina uwezo wa kumhudumia kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni tatu.

Kijana mmoja wa bodaboda akauliza swali ambalo hatukulijibu: na faini ya tangi tupu inatozwa nani?

Mama wa duka naye aliuliza kwa nini tusimwendee mbunge atununulie mafuta kwa CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Hili litaulizwa kila mkutano, basi naliweka hapa mara moja: pesa za NG-CDF ni za kazi za serikali kuu, kama madarasa na ofisi za chifu. Afya yetu iko kwa kaunti tangu ugatuzi ulipoanza 2013. Mbunge akiahidi ambulensi jukwaani anaahidi kwa mfuko ambao si wake.

Septemba 2024

Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Tulipeleka waraka wetu mapema, nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo tumeuhifadhi vizuri kuliko vyeti vyetu vya shule.

Jibu halikukawia. Afisa mmoja, mtu mwungwana kabisa, alitueleza kwamba ombi letu "si mradi". Mpango wa maendeleo unataka kitu cha kujengwa au cha kununuliwa. Mafuta na mishahara ni matumizi ya kawaida.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini nchi hii imejaa ambulensi zilizoegeshwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Kanuni zake zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Nia ni njema: pesa zisiishie zote kwenye mishahara na posho. Lakini tazama zinavyoiangukia ambulensi. Gari lenyewe ni maendeleo, kwa hiyo likinunuliwa linaisaidia kaunti kufikisha ile 30. Dereva na mhudumu wa dharura ni mishahara, kwa hiyo wakiajiriwa wanaisukuma kaunti kuipita ile 35. Dizeli haimo huku wala kule. Ni matumizi ya kawaida, na ndiyo inayokatwa kwanza pesa zikipungua. Sheria hizo mbili zikikaa pamoja, zinamtuma mtu mwenye akili timamu akanunue gari asiloweza kuliendesha. Tena gari hupigwa picha. Hakuna aliyewahi kukata utepe wa lita mia za dizeli.

Mwalimu anasema nisimwonee yule afisa. Simwonei. Alitwambia wazi kwamba mlango wetu ni mwingine: mkakati wa fedha wa Februari, kisha makadirio ya bajeti ya Aprili. Tungeweza kuzungushwa mwaka mzima na mwenye nia mbaya.

Oktoba 2024

Mwezi huu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, imeanza kazi mahali pa NHIF, ile bima ya zamani, na kwenye foleni ya kituo hakuzungumzwi lingine. Kwa upande wetu, la kufuatilia ni mifuko mitatu iliyoundwa na sheria ya 2023. Kuna Mfuko wa Afya ya Msingi unaolipia vituo kama chetu, Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii tunaouchangia kwa asilimia 2.75 ya kipato, na Mfuko wa Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi. Wa kwanza na wa tatu hutegemea zaidi kile Bunge linachotenga, si michango yetu.

Mhudumu mmoja wa kikundi alishangilia: basi dharura imepata mfuko! Sista msimamizi akamrudisha chini. Mfuko unalipia huduma iliyotolewa. Gari lisipotoka hakuna huduma, hakuna dai, hakuna malipo. Ili ulipwe safari lazima kwanza uwe na mafuta ya kwenda safari. Na Sheria ya Uboreshaji wa Vituo ya 2023, inayoruhusu vituo kubaki na pesa vinazokusanya, inasaidia zaidi hospitali kubwa. Kituo chetu kinatibu bure huduma za msingi. Kinakusanya nini cha kubaki nacho?

Kaunti nazo mwaka huu zina hadithi yao. Baada ya maandamano ya Juni na kuondolewa kwa Mswada wa Fedha, mgao wa kaunti uliokuwa umepitishwa, shilingi bilioni 400.1, ukarudishwa mezani ukatwe, na Seneti na Bunge la Taifa zikavutana kwa miezi. (Naongeza hapa baadaye: waliafikiana bilioni 387.4.) Ukisikia tangi limekauka huku juu, ujue mambo kama hayo yamo. Mtoto wa degedege hajui Mswada wa Fedha ni nini, lakini umemfikia.

Tumepiga hesabu yetu ya kwanza, mezani kwa mama wa duka, nyuma ya risiti ya dawa ya kupe. Kutoka kituoni hadi hospitali ya rufaa mjini Nakuru ni kama kilomita 70, na kurudi 70. Land Cruiser ile kwenye matope na miinuko haimalizi kilomita saba kwa lita, lakini tuipe saba. Lita 20. Dizeli iko juu ya shilingi 160. Safari moja ni zaidi ya 3,200, bila kuhesabu tairi wala oksijeni. Si pesa nyingi kwa kaunti. Kwa mwanamke anayevuja damu na familia yake ikihesabu noti za mia mbili gizani, ni nyingi.

Hesabu ya watu ilitukata maini zaidi. Wiki ina saa 168. Mtu akifanya kazi saa 40, gari moja linalokuwa tayari usiku na mchana linahitaji madereva wanne na kitu. Weka likizo na ugonjwa, watano. Wahudumu wa dharura wa kukaa nyuma na mgonjwa, watano wengine. Watu kumi kwa gari moja. Sisi tuna dereva mmoja, na anayekaa nyuma ni nesi wa zamu, ambaye akiondoka kituo kinabaki na mlinzi.

Desemba 2024

Wakati tunasubiri Februari, watu hawajaacha kuugua. Vijana wa bodaboda wamepanga zamu ya usiku pamoja na watu wanne wa sokoni wenye Probox, yale magari madogo ya abiria na mizigo. Namba zao zimeandikwa kwa rangi ya mafuta ukutani pa kituo, chini ya namba ya sista, na wahudumu wa afya ya jamii wanazo kwenye simu zao. Bodaboda humtoa mgonjwa bondeni ambako gari halifiki, Probox humpokea kwenye barabara ya changarawe.

Mambo madogo ndiyo yaliyotuchukulia muda. Wenye Probox walikataa mwanzoni, si kwa uchoyo. Gari hilohilo alfajiri linabeba abiria na mboga kwenda Molo, na damu kwenye kiti haitoki kwa maji baridi. Mama wa duka akatoa nailoni nzito, ile ya kufunikia nyumba za kuku, tukaikata kwa vipimo vya viti vya nyuma, pembeni tukatoboa matundu ya kamba. Inawekwa kwa dakika moja, inaoshwa kwa jiki, inakunjwa chini ya kiti cha dereva. Baada ya hapo wawili walikubali siku hiyohiyo.

La pili lilikuwa polisi. Probox iliyobeba mtu amelala, saa nane usiku, kwenye kizuizi barabarani: dereva anashukiwa ama anaiba maiti ama anasafirisha pombe. Chifu ametuandikia barua yenye muhuri, kila gari lina nakala. Mpaka sasa inafanya kazi.

La tatu halina dawa ya nailoni. Hospitali iliyo karibu nasi zaidi iko kaunti ya pili. Ambulensi ya kaunti ikitaka kuvuka, dereva anataka idhini, na mwenye idhini usiku huzima simu. Probox haina gavana, inavuka tu. Mwenyekiti akakumbusha usiku wa tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani, trela lilipowavamia watu kituoni na sokoni na kuua zaidi ya 50. Usiku ule majeruhi walipelekwa Kericho, wengine Nakuru, na hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi. Kamera zilikuwepo, magari ya wagonjwa yakaja kutoka kila upande. Kumbe inawezekana. Ibara ya 189 ya Katiba inaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Tumeongeza ombi hili kwenye waraka: makubaliano ya kuvuka, ya kurasa mbili, yasainiwe na kaunti zote mbili.

Wakati huohuo niseme jambo lisilopendeza. Barabara kuu imefundisha serikali kwamba dharura ni ajali: Sachangwan 2009, Salgaa, Londiani. Kwa hiyo magari mazuri huwekwa karibu na lami. Lakini daftari la sista linaonyesha mengine. Safari nyingi za kwetu ni za wajawazito. Sensa ya 2019 ilihesabu vifo vya uzazi 355 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini, na kutokwa damu baada ya kujifungua kunaweza kumuua mama ndani ya saa mbili. Hao hufa mmoja mmoja, nyumbani au njiani, na hakuna kamera.

Januari 2025

Tumegombana. Vizuri, naona.

Wenye Probox wanataka uhakika wa mafuta kabla ya kuwasha gari, na ni haki yao. Ikapendekezwa kila nyumba ichange shilingi hamsini kwa mwezi kwenye namba ya M-Pesa ya kikundi, na kutoka hapo dereva alipwe mara moja mgonjwa afikapo. Mhudumu mmoja alitoa mfano wa Tanzania, ambako mpango wa m-mama huwaita madereva wa kijijini kwa simu ya bure na kuwalipa kwa M-Pesa. Karibu wote waliinua mikono.

Mwalimu hakuinua. "Tukichanga vizuri," alisema, "mwezi wa nne tutaambiwa mnajiweza." Akasema hajazeeka akipigania ugatuzi ili awe mchangishaji wa harambee ya dizeli, na kwamba m-mama imesimama kwa sababu serikali ya kule imeuingiza mpango kwenye huduma zake, haikuwaachia wanakijiji.

Mama wa duka akamjibu, kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Mwalimu, mwezi wa nne uko mbali. Binti wa jirani yangu anajifungua mwezi wa pili."

Mimi niko na mama, lakini woga wa Mwalimu una msingi. Tulichoafikiana ni hiki: mchango upo, ila kila shilingi inayotoka inaandikwa kama deni la kaunti. Tarehe, umbali, lita, bei ya dizeli ya mwezi huo kama ilivyotangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na sababu ambulensi haikutoka. Hatutarajii kulipwa. Tunataka karatasi ya kusomwa ukumbini. Mwalimu amekubali kuwa ndiye mwenye daftari hilo, na mwandiko wake ni wa ubaoni, hakuna atakayesema haukusomeka.

Februari 2025

Mkakati wa fedha wa kaunti umetoka. Afya imepewa jumla yake. Ndani hakuna neno ambulensi. Tumepeleka maoni kwa maandishi na nakala kwa Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Mvua bado. Zamu inaendelea. Binti wa jirani wa mama wa duka amejifungua salama hapahapa kituoni, bila kuhitaji gari lolote.

Mwisho wa Aprili 2025

Makadirio yako mezani. Ni kitabu kinene, na tulikipata kama faili la simu linalogoma kufunguka. Tukalichapisha sehemu ya afya mjini, ukurasa kwa shilingi kumi.

Nitaeleza tulichotafuta kwa ajili ya vikundi vingine. Vifungu vya bajeti vina namba, na ni zilezile nchi nzima. 2211200 ni mafuta na vilainishi. 2220100 ni matengenezo ya kawaida ya magari. Tulivikuta vyote viwili chini ya idara nzima ya afya, jumla moja. Maana yake gari la mkurugenzi, gari la chanjo, jenereta na ambulensi vyote vinakunywa kutoka tangi moja. Pesa za robo mwaka zikifika nusu, ni nani atakayeamua kipi kinyimwe? Mtu aliye makao makuu, ambaye gari lake liko kwenye orodha hiyohiyo.

Tukaandika sentensi moja ya marekebisho: vifungu hivyo vigawanywe, na sehemu ya ambulensi iwekwe kwenye programu yake yenye jina la huduma za dharura na rufaa. Hatukuomba hata shilingi ya nyongeza kwenye jumla. Mwenyekiti ndiye aliyesisitiza hivyo, na ndivyo tulivyopata masikio: mtu wa bajeti akisikia neno "nyongeza" hufunga kalamu.

Mei 2025

Mkutano wa kushirikisha umma ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Mvua ilikuwa inapiga mabati hadi msemaji alilazimika kungoja. Kila mtu dakika mbili. Walioomba barabara walikuwa wengi, wakafuata wa josho na wa kisima, na sina lawama, barabara mbovu nayo ni ambulensi isiyofika.

Mheshimiwa wa wadi, mwakilishi wetu katika bunge la kaunti, alifika kwa moyo mkunjufu. Alisimama akasema amesikia kilio cha wananchi kuhusu ambulensi, na kwamba ametenga kwenye pesa za maendeleo za wadi gari jipya kabisa. Ukumbi ukalipuka makofi. Nilitazama ukurasa wetu wa kwanza wenye herufi kubwa na nikaona mwaka mzima unaenda na maji.

Mama wa duka alikuwa wa tatu kwenye foleni ya kipaza sauti. "Mheshimiwa, asante sana, Mungu akubariki. Lakini hili tulilo nalo lina njaa. Ukituletea la pili, yatakuwa mawili yenye njaa." Watu wakacheka, naye mheshimiwa akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichotupa nafasi. Mwalimu akafuata na daftari lake la madeni, akasoma mistari michache tu, polepole: tarehe, kilomita, lita, shilingi, na mwishoni mwa kila mstari maneno yaleyale, "ambulensi ipo, mafuta hakuna." Hakumlaumu mtu. Alipofika mstari wa tano ukumbi ulikuwa unayasema maneno hayo pamoja naye.

Baada ya mkutano mheshimiwa alituita kando. Aliuliza swali la kweli: pesa za wadi ni za maendeleo, haziwezi kununua dizeli, afanye nini? Tulikuwa nalo jibu. Asinunue gari, pesa hizo ziweke kivuli cha maegesho chenye sakafu ya saruji, betri ya jua ya kuchaji vifaa, mtungi wa oksijeni wa akiba na redio ya mawasiliano. Vyote ni vya kununuliwa, vyote vinapigwa picha. Naye bungeni asukume ule mgawanyo wa vifungu. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama kivuli kile kinaweza kuandikwa jina. Tukasema kinaweza, hata rangi achague yeye.

Kikundi kimecheka wiki nzima, lakini mimi naona ni biashara safi. Mwanasiasa anahitaji kuonekana. Kazi yetu ni kumtafutia kitu cha kuonekana nacho ambacho hakituachii mzigo.

Juni 2025

Kwenye hotuba ya bajeti ya taifa, Mfuko wa Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi umetengewa bilioni 8, na wa Afya ya Msingi bilioni 13.1. Mgao wa kaunti zote 47 ni bilioni 415. Mfuko ule wa bilioni 8 unabeba pia saratani, figo na wagonjwa mahututi wa nchi nzima, kwa hiyo sisemi tumepona.

Bunge la kaunti limepitisha makadirio kabla ya tarehe 30. Nilisoma kwa kidole. Programu ya huduma za dharura na rufaa ipo. Ina mafuta, ina matengenezo. Imegawiwa pungufu ya tulichopendekeza, na ya wahudumu haimo: wametuandikia kwamba ajira inasubiri Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti na ile asilimia 35. Makubaliano ya kuvuka mpaka hayajajibiwa na upande wowote.

Mwalimu alitaka tuandike kwamba tumepata nusu. Mimi nimeandika tulichopata na tulichokosa, kila mtu ahesabu mwenyewe.

Agosti 2025

Mwaka wa fedha ulianza tarehe 1 Julai, pesa hazikuanza nao. Mgao wa kaunti huchelewa kutoka Hazina, halafu kila uchotaji lazima uidhinishwe na Msimamizi wa Bajeti, halafu mfumo wa malipo, halafu muuza mafuta ambaye bado anadai ya mwaka jana na hataki kusikia "programu mpya". Tangi la kwanza chini ya kifungu kipya limejazwa wiki hii. Sista ameanzisha daftari jipya la safari na safu ya ziada tuliyoiomba: namba ya kifungu kilicholipa. Mtu wa ukaguzi akija, safari na shilingi zinakaa mstari mmoja.

Kivuli cha maegesho kimefika msingi. Rangi ni ya chungwa.

Zamu ya Probox hatuivunji. Mchango wa hamsini tumeupunguza uwe thelathini, ukae kwa ajili ya siku za mwisho wa robo mwaka, na daftari la madeni linaendelea hata kama halina la kuandikwa.

Yaliyo mkononi sasa: waraka wa mpango wa maendeleo wa 2026/27 uwe umepelekwa na kugongwa muhuri kabla ya Septemba, safari hii ombi kuu likiwa wahudumu, angalau dereva wa pili na mhudumu mmoja wa dharura kwa kuanzia. Mama wa duka na mhudumu mmoja wataenda upande wa pili wa mto kuonana na kamati ya afya ya kule kuhusu yale makubaliano ya kurasa mbili; nauli imetolewa. Nailoni ya Probox ya tatu imechanika, inahitaji mita mbili.